Sapatu za Mgeni

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, na hilo ndilo lililonipendeza kwanza. Mimi ni mtu wa sokoni. Kitu kikiwa kidogo halafu kinasifiwa sana, nakigeuza nikitazame nyuma. Nilikigeuza. Jaladani kulikuwa na picha ya mlango wa nyumba ya Kijapani: kizingiti cha mbao, jiwe pana la kukanyagia, na jozi moja ya sapatu zimepangwa visigino nje, vidole ndani. Nikamuuliza mwalimu wetu wa Kiingereza kama ndicho chote au kuna cha pili. Akasema ndicho chote.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa na meza yangu ya mabegi na mablanketi sokoni, katikati ya Birmingham, na jioni mbili kwa wiki nilikwenda darasa la Kiingereza kule Digbeth, ghorofa ya juu ya ghala la zamani ambalo chini yake vijana walikuwa wakipiga ngoma na magitaa. Kiingereza cha kuuzia nilikuwa nacho, tena cha kutosha na chenji inabaki. Nilichokosa ni kile cha kukaa kimya ukamsikiliza mtu. Mke wangu, aliyeletwa mji huu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, ndiye aliyeniandikisha. "Wewe unajua kuongea na watu," aliniambia, "ila hujui wanachokwambia."

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe alizozisuka mkia mmoja mrefu. Alituchagulia riwaya ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, kwa sababu, alisema, humo sisi sote ni wageni, yeye pamoja nasi, na hakuna atakayemtangulia mwenzake. Nilimpenda kwa hilo. Mizani iliyo sawa sijaikuta mara nyingi.

Hadithi haikuwa na mambo mengi. Kuna familia inayotengeneza siki, kazi ya mababu, na haina mtoto wa kiume. Binti anaolewa, lakini huko kwao, mambo yakiwa hivyo, mume ndiye anayehamia kwa mke. Anaacha jina la babake, anachukua la mkwewe, anaingia kufanya kazi ya siki kama mtoto aliyezaliwa humo. Karatasi zote zinasema ni mtoto wa nyumba. Ila kila jioni akirudi kutoka ghalani, anakuta mlangoni sapatu za mgeni, za kuvaa ndani, zimepangwa vizuri, zinamsubiri. Mama mkwe ndiye anayezipanga. Wenyewe wana zao, kuukuu, zimelala popote. Yeye anapangiwa. Miaka inapita, mti wa matunda uani unazaa na kupukutika, yeye bado anapangiwa.

Halafu jioni moja anarudi amelowa mvua, anavua viatu, anatazama, sapatu hazipo. Anasimama juu ya mbao baridi na soksi zake. Ndani anasikia watu wanakula. Anaingia. Sura inaishia hapo. Inayofuata inaanza na majira ya kuchipua majani, na mwandishi hasemi neno tena kuhusu sapatu, kama mtu aliyekuuzia kitu akafunga duka.

Mwalimu akauliza: hizi sapatu ni alama ya nini?

Nikwambie ukweli, darasa letu likishapewa neno "alama" halikuwa na breki. Fundi bomba mmoja kutoka Poland alisema siki ni alama ya uchungu wa maisha. Mama wa Kisomali alisema mti ni subira. Mtu mwingine akasema mvua ni huzuni, nami nikawaza kwamba basi mji wetu huu uko kwenye matanga tangu nifike. Kuhusu sapatu hatukubishana hata kidogo. Jirani yangu wa dawati, Mkongo wa kutoka Bukavu, mtu wa kanisa na suti, ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Kwanza kwa Kiingereza, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chao, kana kwamba nahitaji risiti.

"Balimufukuza, kaka. Iko wazi. Hata viatu balikatala kumupa."

Nikamuunga mkono. Kwetu mtu akitaka kukufukuza bila kelele hukunyima kitu kidogo. Hakuambii toka. Anasahau kukuwekea kikombe. Nikaona mambo ya Japani ni mepesi kabisa, kumbe walimwengu ni wale wale.

Nyumbani kwetu Ladywood, ghorofa ya tisa, mke wangu alikuwa na mimba kubwa na miguu imemvimba. Jioni alikuwa akiinyoosha juu ya begi kubwa la biashara, nami namsomea kitabu kwa sauti, huku ananisahihisha matamshi amefumba macho. Tukafika pale pa mvua.

"Rudia hapo mlangoni," alisema.

Nikarudia.

"Alhamdulillahi. Mwishowe wamemwachia."

"Wamemwachia nini? Wamemwondolea."

"Wamemwondolea ugeni. Mtu wa nyumbani nani anampangia sapatu?"

Nikamwambia darasa zima limekubaliana kwamba jamaa kafukuzwa. Akasema darasa zima halijawahi kuwa binti wa nyumba inayopokea mkwe. Nikamwambia basi anionyeshe mstari unaosema hivyo. Akafungua macho na kunitazama kwa jicho la huruma, lile la kumtazama mteja aliyelipa bei ya kwanza.

"Wewe kwetu unadhani tunakulia wapi?"

"Mezani."

"Mezani unakulia wewe."

Hapa inabidi nieleze. Wakwe zangu walikuwa watu wa Unguja, wanakaa Great Barr, nyumba yenye bustani nyuma na ngurumo ya barabara kuu usiku na mchana. Baba mkwe alikuwa ameendesha mabasi ya mji mpaka akastaafu, mtu wa maneno machache, kila neno limepigwa pasi. Mimi ni wa bara, mtoto wa Kariakoo, na posa yangu ilikubaliwa baada ya kutazamwa sana kwenye mwanga. Lakini tangu ndoa, kila Jumapili nilipokwenda, nilipokelewa kama balozi. "Karibu, bwana. Karibu, pita." Nawekwa kiti kile kile, kando ya dirisha. Meza ina kitambaa cheupe. Chakula kinaletwa kwenye bakuli za kioo zenye ukingo wa dhahabu, pilau, kachumbari, mchuzi wa papa, na kijiko na uma. Baba mkwe anakaa mbele yangu, anakula taratibu, ananiuliza hali ya soko. Mama mkwe nilikuwa nikimwona upande mmoja wa uso tu, mlangoni, na sauti ikisema, "Muongezeeni mgeni." Nilikuwa nikirudi Ladywood nimeshiba na kifua kimepanda. Hata sokoni nilijisifu. Niliwaambia wenzangu kwamba mimi ukweni sigusi hata glasi.

"Sisi tunakula jikoni," mke wangu alisema. "Mkekani. Sinia moja, mkono. Baba anakula na wewe matonge mawili matatu ya heshima. Tukishaondoka, mama ananisimulia, anakuja nyuma, anakunja shati, anasema, haya, sasa nipeni chakula."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi. Ulizisifia zile bakuli mpaka mama akaenda kununua nyingine."

Sikuendelea kusoma usiku ule.

Kilichoniuma hakikuwa pilau. Mke wangu akishajifungua angekwenda kwa mamake kukaa arubaini, kama ilivyo desturi. Akandwe maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga, alale. Hilo lilikuwa limekwisha kukatwa. Chumba cha juu kilikuwa kimepakwa rangi. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza angeanza kuishi duniani katika nyumba ambayo mimi nina kiti kimoja tu. Ningekuwa nakwenda kumtazama kama watu wanavyokwenda kumtazama mgonjwa: ukaribishwe, uketishwe, uletewe juisi, ukohoe kidogo, uage. Na mtoto anajifunza haraka. Angejua babu ni nani, bibi ni nani, na kwamba kuna bwana mmoja wa Jumapili anayependa bakuli.

Mtu wa biashara akiona mlango wa mbele haumpi faida, anajaribu wa nyuma. Jumapili iliyofuata, mke wangu alipopiga kengele, mimi nikazunguka ubavuni kwa nyumba, nikafungua geti la mapipa ya taka, nikaingia moja kwa moja jikoni.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, nywele wazi, kanga kiunoni, anachambua mchele. Nilimwona uso mzima kwa mara ya kwanza. Sidhani kama yeye alikuwa ameagiza kuonekana. Alivuta kanga nyingine kutoka kwenye kiti akajifunika mpaka machoni.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Leo nimeona nipitie huku."

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Kisha akaita ndani, taratibu sana, "Baba yao. Mgeni kapotea."

Baba mkwe akaja. Akanitazama mimi, akautazama mkeka, akanitazama tena.

"Bwana," alisema, "nyumba yenyewe si kubwa hivyo ya kupotea mtu. Kiti kiko huku."

Akanishika kiwiko kwa adabu, akanirudisha dirishani. Siku ile zililetwa bakuli ambazo sikuwa nimeziona hata siku moja, na kuku mzima, na vitambaa vya kupangusia mikono vilivyokunjwa kama maua. Nilikuwa nimekwenda kupunguza ugeni, nikarudi nao umeongezeka na riba juu.

Ndani ya basi la kurudi mke wangu alicheka mpaka akajishika tumbo, na mama wa kiti cha mbele akageuka akidhani uchungu umeanza.

"Yule bwana wa kitabuni," alisema alipopata pumzi, "zile sapatu alizivua mwenyewe akazitupa?"

"Hapana."

"Alizificha?"

"Hapana."

"Basi."

Nikatazama nje, mvua inapiga kioo. Sokoni najua bei ya kwanza si bei. Muuzaji anaitaja ili muanze mazungumzo, na asiyejua hulipa akaondoka. Kumbe na kitabu ni hivyo hivyo. Maana ya kwanza kinayokupa ni ya kuanzia mazungumzo, na sisi darasa zima tulikuwa tumelipa tukaondoka. Ila hapa kulikuwa na jambo jingine, gumu zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Kuna bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuipandia dau. Yule kijana wa siki alifanya kazi yake, akarudi jioni, akavaa alichopangiwa bila kununa. Aliyeziweka ndiye aliyeacha kuziweka.

Darasani nikanyoosha mkono. Nikasema nabadilisha neno langu la wiki iliyopita, hakufukuzwa, alipokewa. Fundi bomba akasema mtu aliyepokewa haachwi asimame kwenye baridi na soksi mbichi. Nikamwambia mgeni ndiye hawezi kuachwa hivyo. Mgeni akilowa, nyumba nzima inaona aibu. Mtoto wa nyumba akilowa, anaambiwa asichafue sakafu.

Mkongo wangu alikuwa akinisikiliza na kidole shavuni.

"Na kama balisahau tu?" aliniuliza. "Mama amechoka, mvua iko inanyesha, amesahau kupanga."

Darasa likacheka. Mimi nikaona amenishika. Nilikuwa nimejenga nyumba yangu juu ya mama mkwe aliyeamua, na kitabuni hakuna popote panaposema aliamua. Nikarudi kwenye ukurasa, nikasoma mara mbili, maana mimi chenji sihesabu mara moja. Kweli, hakuna.

"Kama alisahau," nikasema polepole, nikiwaza huku nasema, "basi ni bora zaidi. Mgeni hasahauliki. Ukisahau kwamba mtu fulani ni mgeni, umeshamaliza."

Mwalimu hakusema kama ni sawa au si sawa. Alisema hata yeye hajui, na kwamba huko Japani kwenyewe pengine watu wanabishana. Mkongo akanipiga bega tukishuka ngazi, akasema mie ningefaa kuwa mhubiri kama si tabia yangu ya kuuza mablanketi yenye tundu. Nikamwambia tundu ni alama ya subira.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kuendesha mnada. Siku walipotoka hospitali tukawapeleka Great Barr, nami nikabaki na nyumba ya ghorofa ya tisa na jiko la kupikia chai ya mtu mmoja.

Nilikwenda kila jioni nikishafunga meza. Niliingia mlango wa mbele. Nilikaa kiti cha dirishani. Mtoto aliletwa amefungwa shali, nikapewa nimshike nikiwa nimekaa, na dada wa mke wangu amesimama karibu kama mlinzi wa benki. Juisi ya embe ikaja juu ya trei. "Karibu, bwana." "Ahsante, mzee." Nikanywa juisi. Sikununa, sikujipitisha popote. Lakini nisiseme uongo, nilipokuwa kwenye basi la kurudi nilikuwa najiona mpumbavu, mtu mzima anayesubiri ruhusa kwa kufuata kitabu cha siki. Mke wangu aliniambia chini ya sauti, siku moja tulipoachwa peke yetu, "Wewe njoo tu." Nikaendelea kuja tu.

Jumamosi moja nilifika mapema, biashara ilikuwa mbaya. Nikakaa. Mara kengele ikalia, wakaingia wazee wa msikitini waliokuja kumtazama mtoto, makoti mazito na kofia za kushonwa kwa mkono, wengine na wake zao. Akina mama wakapanda juu kwa mzazi. Wazee wakajaa sebuleni, wamekaa kwenye sofa, kwenye mikono ya sofa, na mmoja mwenye bakora amebaki wima katikati ya chumba, anatafuta pa kujishikiza. Mashemeji zangu walikuwa kazini. Baba mkwe alikuwa mlangoni anapokea makoti, mikono imejaa.

"Wewe," alisema.

Nikageuka kumtafuta shemeji. Nyuma yangu kulikuwa na pazia.

"Wewe, nakwambia wewe. Umekaa tu? Mpishe mzee kiti. Na chai iko wapi? Watu wamekaa saa nzima hawana hata maji."

Walikuwa wamekaa muda wa kuvua makoti. Nikainuka. Hakuna mtu aliyekuwa amenisemesha hivyo Great Barr tangu nioe, na mtu yeyote mwingine angesema nimevunjiwa heshima mbele ya wazee wote wale. Yule wa bakora akajitupa kwenye kiti changu bila hata kunitazama, wala hakukitoa tena.

Jikoni nilisimama kama mwizi aliyeingia nyumba tupu. Birika nililiona. Majani ya chai niliyaona. Sukari sikuiona. Nikafungua kabati la kwanza, masufuria. La pili, dawa za kufulia. Sauti ya mama mkwe ikashuka kutoka ngazini, kule alikokuwa na wageni wake, haikuwa na pazia wala upande.

"Juu, kushoto."

Nikafungua, mlango wa kabati ukalia.

"Kushoto, baba. Huko ni kulia."

Nikaipata. Nikatia tangawizi, nikatia iliki, nikamimina. Nilihesabu vichwa, nikahesabu vikombe, nikarudia, vikatosha. Nikapita sebuleni na trei, kila mzee akachukua. Yule wa bakora akaonja, akakitazama kikombe, akamtazama baba mkwe.

"Sukari imezidi," alisema.

"Huyu wetu hajui kupima," baba mkwe akajibu, bila kuomba radhi kwa mtu yeyote. "Anapima kama anauza. Kunyweni hivyo hivyo, ataelewa."

Wazee wakanywa. Juu mtoto akaanza kulia, na mama mkwe akaniita nimpelekee maji ya moto, tena upesi, nisisimame hapo na trei kama pambo.

Wageni walipoondoka niliosha vikombe. Baba mkwe alikunja shati, akasimama kando yangu na kitambaa, akawa anafuta. Hatukuzungumza habari za soko. Kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakirudisha ndani ya beseni mbele yangu.

"Hiki bado," alisema.

Nikakisugua tena.